Mirathi ndogo inaliwa na nauli

Mheshimiwa Mwenyekiti wa chama hiki cha akiba, viongozi wa meza kuu, mama zangu, baba zangu, na vijana mliosimama kule nyuma kwa kukosa viti: Asalaam aleykum. Bwana Yesu asifiwe. Na ambao sikuwafikia kwa salamu hizo mbili, habari za asubuhi.

Mwenyekiti aliponipigia simu aliniomba niwazungumzie umuhimu wa kuandika wosia. Nikamwambia, mwenyekiti, hilo limeshasemwa na kila aliyewahi kushika kipaza sauti katika ukumbi huu, na bado hamjaandika. Mnacheka, lakini ni kweli. Kwa hiyo leo naomba niwaache walioandika wosia na walioacha maghorofa. Nataka kumsemea yule aliyekufa bila karatasi yoyote, akaacha kidogo.

Mimi nilikuwa karani wa mahakama ya mwanzo kwa miaka 26, katika vituo vitatu vya mkoa huu ambavyo sitavitaja. Mahakimu wanahama, karani anabaki. Mimi ndiye niliyekuwa nafungua jalada, napokea ada, nabandika tangazo ubaoni. Hakimu watu wanamkumbuka kwa hukumu zake. Karani wanamkumbuka kwa neno moja tu: "Rudi." Rudi Jumatano. Rudi na mdhamini wa pili. Rudi na cheti halisi, hii ni kopi. Neno hilo nimelitamka mara nyingi kuliko jina la mke wangu, na nimestaafu nalo moyoni.

Tufanye hesabu kidogo. Mfano ni wa kutunga, lakini aliyewahi kufungua shauri la mirathi atajiona humo. Marehemu alikuwa mlinzi wa ghala. Ameacha mjane, watoto wanne, baiskeli, redio, mbuzi watatu, na akaunti ya benki yenye shilingi 680,000. Madeni yake ni ya dukani tu. Ndugu wamekaa, wamekubaliana, hakuna anayegombana na mtu. Nauli kutoka kijijini mpaka mjini ni 7,000, kwenda na kurudi 14,000.

Safari ya kwanza ni ya cheti cha kifo. Mjane anacho kibali cha mazishi, lakini benki haikitaki, inataka cheti. Ya pili, kufungua shauri. Ya tatu, anafika anakuta hakimu yuko semina. Ya nne, shauri linasikilizwa, na hapo haendi peke yake: anakwenda na wadhamini wawili na mtoto wake mkubwa, nauli zote juu yake, maana huwezi kumwomba mtu akudhamini halafu ajilipie gari. Ya tano, kufuata hati ya kuteuliwa msimamizi wa mirathi. Ya sita, benki. Ya saba, benki tena, kwa sababu ya jina, na hili la jina nitalirudia. Ya nane, fedha zimeshaingia kwenye akaunti ya mirathi ya mahakama, anapeleka mgawanyo. Ya tisa, kulipwa na kufunga.

Safari 9 mara 14,000 ni 126,000. Wenzake watatu siku ile ya kusikilizwa, 42,000. Jumla 168,000. Sijaweka chai ya wadhamini, picha za pasipoti, kopi, ada wala kiapo. Karibu robo ya akaunti nzima imeishia kwa konda.

Watu husema mirathi inaliwa na ndugu. Ya wenye nazo, ndiyo. Ya mlinzi inaliwa na nauli. Na mara nyingi hailiwi yote, kwa sababu mjane anachoka kwenye safari ya tano. Anapiga hesabu zake, anaona bora akalime. Jalada linabaki kabatini, fedha inabaki benki, na karani anaandika pembeni "mwombaji hakuonekana tena". Niliyaandika maneno hayo mpaka mkono ukayazoea.

Sasa msidhani nimekuja kuitukana sheria. Mahakama ya mwanzo ilikusudiwa kuwa mlango mwepesi, na kwa sehemu kubwa ndivyo ilivyo. Pale tunasema Kiswahili tangu zamani, wakati mahakama za juu bado zilikuwa zinaandika Kiingereza. Ni mwaka 2021 tu ndipo sheria ya Tanzania ilipobadilishwa kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama. Huhitaji wakili. Kanuni za usimamizi wa mirathi katika mahakama za mwanzo, Tangazo la Serikali Namba 49 la mwaka 1971, ni kurasa chache, na fomu zake mtu aliyesoma darasa la saba anaweza kuzijaza. Ukiteuliwa, unapewa miezi minne kuleta orodha ya mali na madeni kwa Fomu Namba 5, kisha hesabu kwa Fomu Namba 6. Hakuna uchawi humo.

Tatizo ni kwamba njia ni moja kwa wote. Mwenye 680,000 na mwenye nyumba tatu Kariakoo wanapita geti lile lile, wanaulizwa maswali yale yale, wanaleta wadhamini wale wale wawili. Sheria yetu kubwa ya mirathi, Sura ya 352, inalijua neno "mirathi ndogo". Lakini inalitumia kuamua uende mahakama gani. Haikufupishii safari hata moja. Ni sawa na hospitali inayokuuliza kama ugonjwa wako ni mdogo, ukisema ndiyo inakuonyesha foleni nyingine yenye urefu ule ule.

Na juu ya sheria tumeongeza mazoea. Chukueni muhtasari wa kikao cha ukoo. Wangapi humu mnaamini kwamba bila muhtasari hakuna shauri? Naona mikono. Mimi mwenyewe niliwarudisha watu kwa kukosa muhtasari. Siku moja hakimu kijana, mgeni kituoni, akaniuliza: mzee, huo muhtasari umeandikwa kifungu gani? Nikasema nitamletea. Nilipekua kanuni zile za 1971 usiku kucha, sikukiona. Kikao ni kizuri, kinapunguza ugomvi, kinamjulisha hakimu kwamba warithi wanajuana. Ila ni desturi yetu ya kazi, na desturi isimrudishe mjane kijijini eti baba mdogo yuko Mwanza hajasaini.

Halafu kuna suala la dini, nalo nalisema taratibu ili nisieleweke vibaya. Kwa miaka yote niliyokaa pale, mamlaka ya mahakama ya mwanzo katika mirathi yalikuwa kwa mirathi inayofuata sheria ya kimila au ya Kiislamu. Mlinzi wetu akiwa Mwislamu, au akiwa mtu aliyeishi kimila, karibu. Akiwa Mkristo aliyefunga ndoa kanisani na kuishi maisha ya Kikristo, anayepinga anaweza kusimama na kusema hapa siyo mahali pake, na hakimu analazimika kuuliza marehemu aliishi vipi. Nimeona majalada yakifutwa kwa sababu hiyo baada ya mwaka mzima, watu wakaambiwa waanze upya mahakama ya wilaya, mbali zaidi, nauli kubwa zaidi.

Na mnajua sheria inayogawa mali ya Mkristo huyo asiyeacha wosia ni ipi? Ni Sheria ya Urithi ya India ya mwaka 1865. Ndiyo, India. Wahindi wenyewe waliiweka kando mwaka 1925 wakatunga nyingine. Sisi tunayo mpaka leo. Inasema mjane apate theluthi, watoto theluthi mbili, na kwa kweli mgawanyo wenyewe siyo mbaya. Ila mfafanulie mama wa Gairo kwa nini anaamuliwa mambo yake na baraza la kutunga sheria lililokaa Calcutta kabla babu yake hajazaliwa.

Hayo ya dini yanataka wanasheria wakubwa na Bunge, mimi siyawezi. Narudi kwenye mambo ya kaunta.

Jina. Ndugu zangu, jina limewakwamisha watu wengi kuliko pingamizi. Kadi ya benki imeandikwa Khamis Juma Ally. Kitambulisho cha taifa, Hamisi Juma Ali. Cheti cha kifo, kwa kuwa aliyetoa taarifa alikuwa shemeji, kimeandikwa Hamisi Mlinzi Juma, sababu mtaani wote walimwita Mlinzi. Kwa mke, kwa watoto, kwa waliomzika, huyo ni mtu mmoja. Kwa benki ni watu watatu, na wawili kati yao hawana akaunti pale. Hapo inatakiwa hati ya kiapo kwamba majina yote ni ya mtu mmoja, na kiapo kina gharama yake, na mtu wa benki anaweza kusema kiapo hiki hakikutaja "Mlinzi". Rudi.

Nilimwona mama mmoja akipigana na herufi H na K kwa miezi saba. Simtaji, na benki siitaji. Alipolipwa alinunua mabati sita, akanipitishia habari kwa mtoto wake kwamba mabati ameyapiga jina la marehemu kwa rangi, tahajia zote tatu.

Sasa, nini kifanyike? Mimi ni karani, siyo mbunge, lakini karani naye anaruhusiwa kuota. Nimeongea na wanasheria, nimeuliza wenzetu wanafanyaje.

Huko California, Marekani, mtu akifariki akaacha mali isiyozidi kiwango fulani, kwa sasa dola 208,850, mrithi hahitaji kufungua shauri la kusimamia mirathi ili alipwe fedha za benki. Anangoja siku 40 tangu kifo, anaandika tamko chini ya adhabu ya kusema uongo kwamba yeye ndiye mwenye haki, anaambatisha cheti cha kifo, anakwenda benki, analipwa. Siku 40! Nilipolisoma nilicheka peke yangu. Wale hawasomi hitma ya arobaini, lakini arobaini wanayo. Uingereza nao wana sheria ya mwaka 1965 inayoruhusu baadhi ya taasisi kulipa kiasi kidogo cha fedha za marehemu bila hati ya mahakama.

Nchi zile ni tajiri na kiwango chao siyo chetu. Lakini wazo lake linaingia mfukoni mwetu bila taabu: fedha na vitu vinavyohamishika, chini ya kiwango fulani, vilipwe kwa kiapo. Mjane asubiri arobaini ipite. Aende kwa mtendaji wa kijiji au wa mtaa, anayemjua, anayejua marehemu alikuwa na wake wangapi na watoto wangapi, wa ndani na wa nje. Tangazo libandikwe pale pale ofisini na msikitini na kanisani, kwa muda unaotosha mtu wa mbali kusikia. Asipojitokeza mwenye neno, kiapo kiwe na muhuri, benki ilipe, na benki iliyolipa kwa kiapo sahihi isishitakiwe tena. Aliyepokea, amepokea kwa niaba ya warithi wote. Akila peke yake, warithi wanamdai, na kwa kusema uongo kiaponi dola inamdai. Akijitokeza mtu mmoja tu na barua ya kupinga, kiapo kinasimama, mnakwenda mahakamani kama kawaida.

Hakimu mmoja, rafiki yangu, nilimsimulia hili tukiwa tunakunywa kahawa. Akatikisa kichwa: mzee, utafungua mlango wa wezi. Nikamuuliza, fedha za marehemu zilizo kwenye simu, watu wanazitoaje siku hizi? Akanyamaza. Ninyi mnajua. Kabla matanga hayajaanuliwa, kuna mtu anayejua namba ya siri. Fedha ya simu inatoka usiku ule ule, na hakuna fomu, hakuna tangazo, hakuna mtendaji. Mwizi hasubiri mlango ufunguliwe. Anayesubiri mlango ni yule mwaminifu, na huyo ndiye tunayemwambia arudi Jumatano.

Ardhi naiweka nje ya pendekezo hili, na hapa siyumbi. Shamba na nyumba vibaki mahakamani, hata vikiwa vidogo. Nafahamu mtasema nusu ya mirathi za hapa ni shamba. Lakini ardhi ndipo wajane wanapofukuzwa. Bado tunayo ile amri ya sheria za kimila ya mwaka 1963, Tangazo la Serikali Namba 436, inayomweka binti daraja la mwisho katika urithi na kumwambia mjane mwenye watoto kwamba riziki yake itatoka kwa hao watoto. Mahakama Kuu mwaka 2006 ilikiri kwamba kanuni hizo ni za kibaguzi, ikasita kuzifuta. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa haki za wanawake iliiambia nchi yetu izirekebishe. Kwa hali hiyo, ukiruhusu shamba lihame kwa kiapo cha mtu mmoja kijijini, mwenye kiapo atakuwa shemeji. Fedha ikiliwa inaweza kudaiwa. Shamba likishauzwa kwa mtu wa tatu, mjane anadai kivuli.

Jambo lingine ni kiwango. Msikubali kiwango kiandikwe ndani ya sheria yenyewe kikae humo. Bei zinapanda, sheria inalala. Wenzetu Kenya, mpaka mwaka 2015, mahakimu wao waliruhusiwa kusikiliza mirathi isiyozidi shilingi 100,000 za kwao, fedha ambayo haikutosha hata ng'ombe wawili wazuri, na zaidi ya hapo ni Mahakama Kuu. Sheria mpya ndiyo iliyowapandisha, hakimu mkuu akafika shilingi milioni 20. Waingereza nao: kiwango chao kilipandishwa mwaka 1984 kikawa pauni 5,000, kikaganda. California wana akili zaidi, wanakirekebisha kila baada ya miaka mitatu kufuata bei. Kiwango chetu kikae kwenye kanuni, waziri akipitie kwa ratiba.

Hayo ni ya kesho. Lakini chama hiki kina wanachama mia kadhaa, na kwa umri ninaouona mbele yangu, samahani wazee wenzangu, hatuwezi wote kusubiri kesho.

Kitu kimoja mnacho tayari mkononi na hamkitumii. Fomu ya kujiunga na chama chenu ina nafasi ya kuandika mtu wa kulipwa akiba yako ukifariki. Nimemwomba katibu anionyeshe daftari jana jioni. Majina sitayataja, lakini kuna wanachama wameandika mama zao ambao walishatangulia mbele ya haki. Kuna aliyeandika mchumba, na mchumba huyo sasa ni mke wa mtu mwingine, na nasikia wote wawili wako humu ukumbini. (Tulieni, tulieni.) Kuna nafasi nyingi tupu kabisa. Nafasi hiyo ni mstari mmoja. Ukiujaza vizuri, akiba yako hapa chamani inaweza kumfikia uliyemtaka bila zile safari tisa.

Na tafadhali, mkiteuliwa usimamizi, mjue mmeteuliwa nini. Msimamizi wa mirathi siyo mrithi mkuu. Nimeshuhudia mtoto wa kwanza anatoka mahakamani na hati yake ameinua juu kama kombe, anawaambia wadogo zake "mahakama imenipa mimi". Mahakama imekupa kazi: ukusanye, ulipe madeni, ugawe, ulete hesabu, ufunge. Kuna mirathi nilizofungua mimi mwaka niliooa ambazo mpaka nastaafu hazikuwa zimefungwa, msimamizi anakusanya kodi ya chumba cha marehemu na wenzake wanamwita "mwenye nyumba".

Mkikwama, wasaidizi wa kisheria wapo, wanatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, na huduma yao ni bure. Mtu wa nje ya geti la mahakama anayekuambia "nipe kitu kidogo nikusukumie jalada" siyo msaidizi wa kisheria. Na akiwa ndani ya geti, ndiyo kabisa.

Mwenyekiti, naona unaangalia saa. Namalizia kwa ombi la kazi. Nilipowaomba mje na vitambulisho leo, wengine mlidhani ni kwa ajili ya posho. Samahani, posho hakuna. Pale chini ya mwembe tumeweka meza mbili. Ya kwanza, katibu anayo ile fomu ya mrithi. Ya pili nitakaa mimi, na miwani yangu na kalamu nyekundu. Leteni kitambulisho cha taifa, kadi ya benki, kadi ya chama na kadi ya kliniki ya watoto, tulinganishe tahajia ya jina lako herufi kwa herufi ungali hai wa kulisahihisha mwenyewe. Mstari uanze na waliotoka mbali, basi la saa nane lisiwaache. Leo simwambii mtu arudi.